Siku Thelathini za Kuitika

Nyumbani kwetu kulikuwa na neno moja lisilotamkwa. Matusi mengine yalipita bila kizuizi. Baba yangu, Melitón Sullca, akikanyagwa na nyumbu alitukana mpaka kuku wakakimbia. Lakini "indio" halikuvuka mlango wetu. Kaka yangu aliliokota sokoni akiwa na miaka saba, akalitamka mezani, na fimbo aliyokula siku hiyo nadhani bado inamwasha.

Sisi watu wa Sallapata tunajiita runa, yaani watu, basi. Hilo jingine tuliletewa. Wageni waliovuka bahari walidhani wamefika Uhindi wakatuita hivyo, yaani Wahindi, na hata walipogundua kwamba wamepotea njia hawakuona haja ya kulirudisha neno lao. Mjini Tambomarca lilikuwa na kazi nyingi. Nyumbu akigoma kupanda mlima, indio. Mtoto asipochana nywele, indio. Ukikutwa umekaa kwenye benchi la kanisa, hakuna anayekuuliza jina: "Inuka, indio," nawe unainuka. Baba alipokuwa mdogo alipelekwa zamu ya kutumika bure katika nyumba ya shamba kubwa la akina Luna. Alikaa miaka miwili, akifagia na kulala kizingitini, na katika miaka hiyo miwili hakuna mtu aliyemwita Melitón. Aliporudi alikata nywele, akanunua viatu, akaenda jeshini akajifunza Kihispania. Siku msafirishaji mmoja wa nyumbu alipomwita vile sokoni, baba alimng'oa meno mawili mbele ya kanisa. Tangu hapo mji mzima ukamwita Don Melitón, yaani Bwana Melitón.

Kwa hiyo kosa letu halina maajabu. Miaka ishirini kabla ya haya ninayosimulia, serikali ilileta makarani wa kuhesabu watu. Karatasi zao zilikuwa na safu tatu: mweupe, chotara, indio. Baba akapita nyumba hadi nyumba asubuhi ile, viatu vyake vikilia kwenye mawe.

"Semeni chotara," akasema. "Ukiandikwa indio, umeandikwa punda."

Kila mtu akasema chotara. Hata bibi yangu, ambaye kwa Kihispania hakujua neno lolote ila hilo alilofundishwa saa ile ile. Makarani wakaandika, wakaenda zao. Tulifurahi, tukachinja kondoo.

Furaha ile ilitutokea puani. Don Leoncio Luna, mrithi wa shamba lile, alikuwa akiyataka malisho yetu ya Pukaqasa, kule juu ambako alpaka, mifugo yetu ya sufu, hula na maji hayakauki. Bila Pukaqasa hakuna Sallapata. Alpaka watakufa, na sisi tutashuka mmoja mmoja kwenda kulala kwenye vizingiti vya watu. Hatukuogopa sana mwanzoni, kwa sababu tulikuwa na waraka wa zamani wa mfalme wa Hispania, uliofungwa katika ngozi ya kondoo na kuhamishwa kutoka kiongozi hadi kiongozi. Ulisema malisho hayo ni ya indio wa Sallapata maadamu wapo. Wakili wa Don Leoncio aliusoma, akautazama tena, akatabasamu.

Hakimu alikuja Pukaqasa mwenyewe juu ya nyumbu, mzee mwenye kikohozi, kwa sababu kesi ya ardhi kwetu huamuliwa ukiwa umesimama juu ya ardhi yenyewe. Upande mmoja tulikuwa sisi, nyumba thelathini na nane, na makombeo yetu yamefichwa chini ya poncho, mablanketi tunayovaa. Upande wa pili wanaume wa Luna na bunduki zao, wala hawakuzificha.

"Mheshimiwa," wakili akasema, "waraka uko wazi. Malisho ni ya indio maadamu wapo. Sasa nauliza, wako wapi?" Akafungua kitabu cha hesabu ya watu. "Sallapata: chotara mia moja themanini na wawili. Indio, hakuna. Wamesema kwa midomo yao wenyewe."

Nilimwangalia baba. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Alielewa kabla yetu sote kwamba ni yeye aliyetufikisha pale.

Hakimu alikohoa, akafikiri, akasema vitabu huandikwa na watu na watu hukosea. Kila mwenye nyumba aape upya, hapo hapo, na aanze kiongozi, yaani baba.

"Melitón Sullca. Wewe ni indio?"

Mbele kabisa ya wanaume wa Luna alisimama nyapara wao, Evaristo Peralta, buti zake ziking'aa. Huyu si mtu baki. Ni mtoto wa shangazi yangu Nicolasa, dada wa baba, tumbo moja. Baba yake alikuwa mwenye duka wa mjini. Alipofika miaka kumi na miwili yule bwana alimpa jina lake na jozi ya viatu, na kutoka siku hiyo Evaristo hakumwamkia mama yake tena. Shangazi aliuza supu sokoni kila Alhamisi, na kila Alhamisi mwanawe alipita mbele ya sufuria yake akitazama paa za nyumba. Sasa alimtazama mjomba wake kwa furaha kubwa.

"Swali umelisikia, mjomba?" akasema.

Upepo ulivuma. Baba alifungua mdomo, akaufunga. Nilitamani aseme hapana. Mungu anisamehe, kwa muda mfupi nilitamani alpaka wote wafe, ila baba yangu asiliseme neno lile mbele ya Evaristo.

"Ndiyo," akasema.

"Ndiyo nini?" wakili akauliza. "Karani lazima aandike."

"Mimi ni indio."

Alilisema kwa Kihispania, kwa sauti ya jeshini. Halafu wakafuata wengine, nyumba baada ya nyumba. Nami niliapa, kwa kuwa mume wangu alifia mgodini na nyumba yangu haina kichwa kingine. Jina langu, Fortunata Sullca, na baada ya jina, neno. Ulimi wangu ulikuwa mzito kama niliyetafuna majani ya koka, yale ya kutia ganzi, kutwa nzima.

Hakimu akamshika baba mkono kama desturi inavyotaka, akamwongoza katikati ya malisho. Baba akajilaza akabiringika majanini na suti yake ya pekee. Akang'oa nyasi akazirusha juu, akatupa jiwe upande wa kila pembe, nasi tukapiga kelele "Yetu! Yetu! Yetu!" mpaka farasi wa Luna wakashtuka.

Lakini wakili hakuwa amemaliza. Alisema watu hawa wametamka mambo mawili mbele ya serikali, na moja ni uongo. Akaomba muda wa kuthibitisha ni lipi. Hakimu akampa siku thelathini. Ikiwa katika siku hizo mtu mmoja tu, katika thelathini na nane walioapa, atasikiwa na mashahidi wawili akikana, na karani akaandika, basi kiapo chetu chote ni cha uongo na malisho yanakwenda kwa Don Leoncio. Muda ungeisha siku ya Alhamisi, kengele ya adhuhuri ya kanisa la Tambomarca ikilia.

"Alhamisi!" Evaristo akacheka. "Siku ya soko. Mjomba, tutaonana basi."

Wapo waliosema tusishuke mjini mwezi mzima. "Na chumvi?" baba akauliza. "Mtalamba mawe? Tena tukijificha, wakili atasema tunaogopa swali." Akatukusanya uwanjani siku iliyofuata, akasimama mbele yetu kama sajini, akiwa bado na majani mgongoni mwa koti.

"Ukiitwa, unaitika," akasema. "Hutukani, hupigi, hukani. Unaitika. Tujaribu. We Zenobio! Indio!"

Zenobio, jirani yetu, mtu wa hasira na pombe ya mahindi, alitazama chini. "Mimi siwezi, Melitón. Wewe ndiye uliyetufundisha tusiliitikie."

"Najua mimi ndiye. Indio!"

"Naam," Zenobio akanung'unika.

"Sikusikia."

"Naam, baba, naam! Unataka nipige magoti?"

Watu wakaanza kucheka. Cheko lile lilikuwa la kuumiza. Baba akapita mstari mzima, mmoja mmoja, na alipofika kwangu macho yake yalikuwa mekundu.

"Fortu," akasema polepole. "Indio."

"Abee, baba," nikasema.

"Wewe ndiye ninayekuogopa," akasema. "Ulimi wako hauna breki."

Haukuwa uongo. Nimewahi kumjibu padri katikati ya mahubiri.

Alhamisi ya kwanza walitujia kama nzi. Evaristo alitembea na wanaume wawili wa Luna wa kushuhudia, na nyuma yao karani wa wakili aliyening'iniza chupa ya wino shingoni. Walipita kwenye kila tandiko la Sallapata. "Viazi bei gani, indio?" "Indio, jibini yako inanuka kama wewe?" Tuliitika. Naam, abee, naam. Habari zikaenea mjini, na kufikia mchana hata wake wa wenye maduka waliotuita bibi na bwana walikuwa wanajaribu neno lile. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Mwanamke aliyenunua jibini kwangu miaka sita, anayejua jina la mwanangu, aliniambia, "Nipimie vizuri, indio," kisha akaona haya kidogo, akazoea.

Alhamisi ya pili walimshika Zenobio. Alikuwa amekunywa. Evaristo alimwaga kwa teke mahindi yake yaliyokaangwa, akasema, "Zoa, indio, au wewe ni chotara leo?" Zenobio akainuka, shingo imejaa mishipa, na nikamwona karani akichovya kalamu. Baba alikuwa hatua mbili tu. Alijaza mkono majani ya koka akayasukuma yote kinywani mwa Zenobio, akamshika taya kama anayemnywesha kondoo dawa.

"Tafuna," akasema. "Mdomo uliojaa hauponzi kichwa."

Zenobio alitafuna huku akilia. Karani akapangusa kalamu yake.

Alhamisi ya tatu na ya nne hawakusema sana. Walisimama tu kando ya matandiko yetu kutwa nzima wakitungoja, na kungoja kwao kulituchosha kuliko matusi. Baba alikuwa amekonda. Hakula chakula cha jioni wiki ile zaidi ya supu nyepesi, na nilipomuuliza alisema tumbo limejaa.

"Limejaa nini?" nikasema.

"Yale niliyomeza," akajibu.

Alhamisi ya mwisho tulishuka wote thelathini na nane, alfajiri kukiwa na baridi kali. Tulitandika sehemu moja, upande wa kanisa, ili tuonane. Shangazi Nicolasa akainjika sufuria yake katikati yetu. Yeye hakuwa ameapa. Anaishi nyumbani kwa baba. Hakuna mtu aliyemlazimisha kuwa pale, lakini alisema kama mwanawe atatukana mtu leo, basi amtukane akimwona usoni.

Don Leoncio mwenyewe alikuja safari hii, akakaa kwenye varanda ya wakili na kikombe cha chokoleti. Nadhani aliona muda unakwisha. Evaristo alikuja moja kwa moja kwangu, mashahidi nyuma, karani nyuma yao. Alijua nani ana ulimi.

"Jibini, indio," akasema.

"Abee. Kiasi gani?"

"Nani alikufundisha kutengeneza? Mumeo?"

Nikashika kisu cha kukatia jibini, nikakiweka chini tena, kwa sababu sikukiamini mkononi mwangu.

"Niliwahi kumwona mumeo," akaendelea, kwa sauti ya kusikika mpaka kanisani. "Huko mgodini walipomtoa. Walisema ni watu watatu waliokufa na indio mmoja. Ndivyo walivyoandika ubaoni. Watu watatu, na indio mmoja. Wewe ni mjane wa yule mmoja, sivyo? Au ulikuwa mke wa mtu?"

Sikumbuki nilisimama vipi. Nakumbuka jibini ikianguka. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Evaristo, mimi si—"

Kalamu ikagusa karatasi. Niliisikia, haki ya Mungu niliisikia ikikwaruza. Nyuma ya bega la Evaristo nilimwona baba, mikono miwili kichwani. Niliona Zenobio amefumba macho. Thelathini na nane, na alpaka wote, na Pukaqasa nzima vilikuwa vimekaa kwenye ncha ya ulimi wangu.

"—kiziwi," nikasema. "Mimi si kiziwi. Huna haja ya kupiga kelele hivyo. Indio amekusikia tangu mara ya kwanza. Unanunua jibini, au umekuja kunisimulia misiba yangu?"

Zenobio akacheka, cheko la kupasuka, na matandiko yote yakafuata, na hata wenye maduka wa mjini wakacheka. Karani alikitazama alichoandika. "Mimi si," akasoma kwa sauti, akamgeukia wakili kwenye varanda kama anayeomba maelekezo. Wakili akatikisa kichwa. Mimi niliketi chini, nikaokota jibini. Mume wangu aliitwa Casiano. Nililisema jina lake moyoni mara nyingi pale chini.

Uso wa Evaristo ulikuwa umeiva. Alitazama kivuli cha mnara wa kanisa; kilibaki kifupi sana. Akaniacha, akamwendea baba.

Alinyoosha mkono akampiga baba kofia, ikaruka, ikaangukia mahali nyumbu walipokojoa. Kofia ile ya manyoya ya kijivu baba huivaa harusini na kanisani tu. Kichwa chake kilionekana kidogo bila hiyo, na nywele zake nyeupe.

"Okota, indio," Evaristo akasema.

Kila mtu wa Tambomarca alikumbuka yale meno mawili. Watu walirudi nyuma wakaacha nafasi. Waliokuwa kwenye varanda walisimama. Mikono ya baba ilifumbwa, na mimi nikasema kimya kimya, mpige, baba, mpige, Mungu atatupa malisho mengine. Na papo hapo nikasema usimpige, baba, vumilia kidogo tu. Yote mawili niliyataka kwa moyo mmoja.

Baba aliinama. Aliinama kwa shida, kwa sababu mgongo wake ni mbovu. Akaokota kofia, akaikung'uta pajani, akaivaa ikiwa imelowa, mkojo ukamtiririkia shavuni.

"Indio ameokota," akasema. "Kuna lingine?"

"Sema wewe ni nani."

"Nimeshasema mwezi mzima. Mimi ni indio wa Sallapata."

"Sema tena."

"Indio wa Sallapata."

"Tena!"

Kengele ikalia. Mlio wa kwanza, wa pili, hakuna aliyesogea. Ulipofika wa kumi na mbili karani aliitazama karatasi yake, yenye yale maneno mawili tu, akaziba chupa ya wino kwa kizibo. Kwenye varanda Don Leoncio aliweka kikombe chini, akaingia ndani bila kumtazama mtu yeyote. Wale mashahidi wawili nao wakakumbuka kazi zao mahali pengine. Ndipo Zenobio akapiga kelele "Yetu!" na wote wakapokea, wanawake wakalia, mtu akanimwagia pombe ya mahindi kichwani kwa furaha.

Baba hakupiga kelele. Alikuwa amesimama pale pale, na Evaristo mbele yake, sasa yuko peke yake. Muda ulikuwa umekwisha. Hakuna kiapo kilichomfunga baba mikono. Evaristo naye alijua. Alirudi hatua moja, mkono ukaenda kwenye mjeledi wake kiunoni.

"Usiogope," baba akasema. "Sikupigi."

"Nani anaogopa?"

"Sikiliza. Jumamosi tunapanda Pukaqasa kugawa malisho. Waraka hausemi ni ya nyumba thelathini na nane. Unasema ni ya indio wa Sallapata. Kila aliyetoka tumbo la Sallapata ana fungu. Mama yako ana lake." Akafuta shavu kwa mkono wa koti. "Na wewe unalo lako. Liko upande wa chemchemi, zuri kuliko langu. Don Leoncio hatakupa hata kaburi, unajua hivyo. Njoo tu, usimame tuliposimama sisi, useme tulichosema."

Sikuamini masikio yangu. Nilitaka kumvuta baba nguo. Fungu? Kwa huyu? Nilikuwa tayari kumpa Evaristo fungu la mawe kichwani, na sikuwa peke yangu. Lakini baba alikuwa anamtazama kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, bila hasira hata chembe. Nadhani alimwona mvulana mwingine, wa kizingitini.

Evaristo alitazama kushoto na kulia. Wenye maduka walikuwa bado wamesimama milangoni mwao, watu aliokunywa nao, watu waliomwita Don Evaristo. Alilamba midomo.

Ndipo shangazi Nicolasa akainuka nyuma ya sufuria yake. Ni mwanamke mfupi. Ilibidi ainue kidevu ili amwone mwanawe chini ya kofia. Miaka ishirini na mbili alikuwa hajasimama karibu naye hivyo.

"Sema, mwanangu," akasema. "Neno lenyewe ni moja tu. Mwezi mzima umelitamka vizuri sana."

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama anavyomwambia mtoto ale. Evaristo alifungua mdomo. Nilikuwa karibu, niliona ulimi wake ukijiweka mahali pake, nikaona midomo ikijaribu. Mtu akikwambia neno lile ni jepesi, mwonyeshe mtu yule siku ile. Jasho lilimtoka kwenye baridi. Mama yake alikuwa akiitikia kwa kichwa taratibu, ndiyo, ndiyo, hivyo hivyo, kama anamsaidia.

Hakuna kilichotoka. Akafunga mdomo, akageuka, akamfungua farasi wake, akakosea kuweka mguu kwenye kikuku mara mbili ndipo akapanda. Alikata kona ya kanisa na hatukumwona tena siku ile.

Jumamosi tulipanda. Baba alipima kwa kamba, Zenobio akapiga vigingi, na kila nyumba ikapewa upande wake. Zamu ya shangazi Nicolasa ilipofika alidai mafungu mawili. Wapo walionung'unika, nami nilikuwa mmoja wao, lakini baba alipima mafungu mawili, la pili upande wa chemchemi.

Shangazi ana alpaka sita, wanakula nyasi za fungu la kwanza mpaka udongo umeonekana. La chemchemi hajawahi kuingiza mnyama. Alpaka wetu wakilikaribia yeye ndiye anayewafukuza kwa mawe, na kombeo lake halikosi. Mwaka wa nne huu. Nyasi za pale zimefika kiunoni.